Kikundi: UKOO WA BI TATU (Houston–Tanga)

18:02 Da Mwanaisha: Jamani, kebo ya kwa Shangazi inaisha tarehe 30. Tusilipie tena, tuweke antena. Anayekubali aandike.

18:05 Da Mwanaisha: TLC, ile chaneli ya kebo, ilianza miaka ya 1970 kwa mkono wa NASA, masomo yakirushwa kwa setilaiti hadi milima ya Appalachia. Leo watoto wanaangalia humo kipindi cha wachumba wa siku 90!

18:31 Juma: Si wawekewe chaneli ya History

18:32 Da Mwanaisha: Ya 1995 ilikuwa ya historia. Tangu 2009 ni kipindi cha duka la rehani la Las Vegas.

18:40 Kassim: Ni hesabu tu. Kipindi cha watu kugombana hakina gharama kubwa za waigizaji wala watafiti, na kinarudiwa kutwa. Mteja wa kebo analipia kifurushi kizima, aangalie asiangalie.

18:41 Juma: Kumbe ile harusi tungelipwa 😂

18:41 Halima: 😂😂 Mjomba na sinia la pilau, msimu wa pili

18:44 Da Mwanaisha: Turudi kwenye antena. Kassim, inunuliwe ipi?

18:52 Kassim: Ya fimbo mbili, hizi bapa za kubandika dirishani nyingi zinashindwa kunasa VHF, yale mawimbi marefu ya TV. Chaneli 8 ya Chuo Kikuu cha Houston, ya elimu ya kwanza Marekani (Mei 1953), iko VHF. Vuta kila fimbo sm 40, zilaze, ubavu uelekee minara ya Missouri City, pembeni ya Houston. Kiongeza nguvu cha antena usichomeke kwanza, karibu na mnara kinazidiwa, picha inakatika vipande. Na menyu ya TV itolewe kwenye "Cable" kabla ya kutafuta chaneli, la sivyo utaambulia patupu.

18:58 Da Mwanaisha: Haya, mchango dola 5 kila nyumba.

19:20 Zuhura: Hesabu ya mchango wa tangi tumeiona?

19:21 Da Mwanaisha: Zuhura, hilo lilishaisha.

19:21 Zuhura: Kwenu.

21:47 Babu: Nimetoka kuswali, nimesoma yote. Jioni nani anakaa na hao watoto hapo sebuleni? Nitajieni jina.

22:15 Halima: Shikamoo Babu 🙏

22:16 Babu: Marahaba. Jina.

23:03 Juma: Kassim, sm 40 kila fimbo au zote mbili?

23:04 Kassim: Kila moja.

23:10 Da Mwanaisha: Antena nanunua kesho. Kebo tumsubiri Shangazi asome. Babu, nitakupigia.