Vidole viwili vya mkono wa kulia vinakufa ganzi. Ni kiharusi?

Dereva_wa_Luanda
Wakuu, naomba ushauri. Naendesha matatu ya Kisumu–Busia, mwaka wa tisa sasa. Tangu Machi kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kinakufa ganzi, pamoja na nusu ya jirani yake. Nusu tu! Usiku naamka mkono si wangu, na mchana chenji inaniponyoka. Mwaka jana nilianguka na boda pale Maseno, kiwiko kikateguka, mzee mmoja akakirudisha kwa kukanda. Jirani anasema ni kiharusi. Mke wangu anasema nimerogwa na watu wa steji.

Makanga Mstaafu
Huo ni mshipa wa kifundo cha mkono. Shangazi yangu alipasuliwa, akapona. Funga bandeji tu.

Nesi wa Awasi
La, mzee wangu. Wa kifundo hushika gumba, cha shahada na cha kati. Kidole cha mwisho huachwa. Hii ni neva ya alna, mshipa wa fahamu unaofika kidole cha mwisho. Hupita nyuma ya kiwiko upande wa ndani, pale ukijigonga unaona umeme mpaka vidoleni. Kiwiko kikikunjwa, neva inavutwa na njia yake inabana. Dereva, ukiwa barabarani kiwiko cha kulia unakiweka wapi?

Dereva_wa_Luanda
Dirishani. Kisumu mpaka Busia, kwenda na kurudi.

Nesi wa Awasi
Haya basi. Tena kano za ndani za kiwiko zikichanika au kulegea, kiungo hucheza na neva huvutika zaidi. Warushaji wa besiboli Marekani wanalijua hilo: mwaka 1974 Dkt. Frank Jobe alimwekea mrushaji Tommy John kiwikoni kano iliyotolewa mkono wake mwingine, na hata hivyo neva hiyohiyo ikamsumbua, akapasuliwa tena. Wewe hurushi chochote, huenda usifike huko.

Bana karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mkeo aivute. Ncha ya gumba ikijikunja ili kuishika, misuli imeanza kudhoofu, usikawie. Usiku zungushia kiwiko taulo kisikunjike. Na usikandwe tena, tafadhali! Nenda Russia, yaani hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, kliniki ya mifupa, wapige eksirei na wapime umeme wa neva. Shingo pia waitazame, neva huanzia huko. Kiharusi huja ghafla: uso kupinda, ulimi kuwa mzito, mguu kulegea. Ukiona hayo, kimbia hospitali saa hiyohiyo.

Makanga Mstaafu
Nimekubali, dada. Bandeji nimeirudisha kabatini.

Dereva_wa_Luanda
Karatasi imechomoka, na gumba limejikunja vilevile ulivyosema. Mke wangu alicheka, halafu akanyamaza. Jumanne niko Russia. Taulo nimelala nalo siku tatu, ganzi ya usiku imepungua kidogo. Dirisha ndilo taabu: nikilifunga, abiria wa mbele wanalia joto kuanzia Kisian.