Anayetaka udaktari Marekani asome fani gani?

Swali, kutoka kwa mzazi, Minnesota: Binti yetu anaomba nafasi katika vyuo vinavyochuja sana, Brown kikiwemo. Anapenda historia, lakini mjomba wake anasisitiza asome biolojia kwa kuwa anataka udaktari. Je, ni lazima?

Jibu la kwanza: Si lazima, ndugu yangu. Marekani udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule nyingi za tiba hazidai fani maalumu. Zinachohitaji ni masomo ya msingi, yaani biolojia, fizikia na kemia, ikiwemo ile ya kaboni, pamoja na alama nzuri za MCAT, mtihani wa kuomba kujiunga na shule za tiba, ambao alama zake huanzia 472 hadi 528.

Jibu la pili: Nakubali, ila historia pamoja na masomo hayo ya sayansi na maabara zake hujaza ratiba, hivyo apange mapema. Brown ina mpango wa miaka 8 unaounganisha shahada na tiba, ambao huombwa pamoja na nafasi ya mwaka wa kwanza. Wanaopata ni wachache mno.

Jibu la tatu: Je, ana uraia au ukaazi wa kudumu? Shule nyingi za tiba huko hazipokei waombaji wa kigeni, na mimi ningeanza na hilo kabla ya kubishana na mjomba.