Naombeni ushauri: nina jioni tatu London kikazi, niende wapi na nirudi saa ngapi?

Kiti cha Dirishani (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Nipo London kikazi, mara yangu ya kwanza kabisa. Vikao vinaanza asubuhi hadi saa 11 jioni, kwa hiyo nimebakiwa na jioni tatu: Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mchana sitaona kitu zaidi ya kuta za chumba cha mkutano. Nielekezeni sehemu ambazo mtu anaweza kuzunguka peke yake kwa miguu, maana giza likishaingia saa moja naogopa kupotea. Alhamisi nataka niwe maeneo ya Tower of London, ile ngome ya zamani. Halafu swali dogo: ukitoka jioni bila kuwaaga uliosafiri nao, kuna ubaya? Nauliza tu.

Fundi Daraja
Karibu sana dada (au kaka). Jumanne shukia kituo cha Westminster. Ukitoka tu, mnara wa Big Ben uko juu ya kichwa chako. Vuka daraja, geuka kushoto, kisha uufuate mto Thames kwa upande wa kusini bila kuuacha. Utapita chini ya London Eye, lile gurudumu la mita 135, uendelee hadi Tate Modern, jumba la sanaa ambalo zamani lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme. Mbele yake kuna Millennium Bridge. Hapo naomba usimame. Daraja hilo lilifunguliwa Juni 2000, watu wakajaa juu yake, likaanza kuyumba ubavu kwa ubavu. Hatua za watu zilikuwa zinalisukuma, na lilivyozidi kuyumba ndivyo watu walivyozidi kukanyaga kwa pamoja ili wasianguke. Lilifungwa baada ya siku mbili, likawekewa vizuia mtikisiko, likarudi kutumika 2002. Mimi kazi yangu ni madaraja, nimesimama pale karibu saa nzima nikilitazama kwa chini na mke wangu akanikasirikia.
Ukiendelea mbele unafika Tower Bridge ya mwaka 1894. Ni kama saa moja na nusu kwa mwendo wa polepole. Usiiite London Bridge, hiyo ni nyingine, utaipita njiani.

Nuru ya Kibatari
Jibu zuri Fundi, ila mimi nimeishia kwenye hilo "swali dogo". Mwanzisha uzi, Alhamisi kuna nini?

Kiti cha Dirishani
Asante sana Fundi Daraja, nimeandika kila kitu.
Nuru, Alhamisi hakuna jambo kubwa. Kuna chakula cha jioni na wateja. Sisi tupo wanne, mmoja akikosekana hawatahisi. Mimi nina tiketi ya ile hafla ya kufunga malango ya Tower of London usiku, saa 3 na dakika 53. Zile nafasi ni chache mno, za Juni ziliisha mapema, nilikesha na simu mpaka nikapata moja. Chakula cha jioni kipo kila safari.

Mzee Kalamu
Mdogo wangu, nisikilize. Mwajiri amekulipia ndege, kitanda na hicho chakula chenyewe. Hukupelekwa kutalii. Mteja hasomi makaratasi tu, anatazama pia nani amekaa mezani na nani hayupo. Nimefanya kazi miaka 30, na mikataba mingi niliyoiona ikisainiwa asubuhi ilikuwa imekubaliwa usiku wake kwenye sahani. Malango hayo yamefungwa kila usiku kwa karibu miaka 700, yatakungoja.

Taa za Saa Nne
Mzee Kalamu shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Nilipelekwa Paris kikazi usiku nne. Dirishani kwangu mnara wa Eiffel ulikuwa unaonekana kwa mbali. Giza likiingia, kila saa inapogonga, zile balbu 20,000 zinameremeta kwa dakika 5 halafu zinatulia. Kila zikimeremeta nilikuwa najiambia nimalize slaidi hii, saa ijayo nitashuka. Usiku nne sikushuka hata mara moja. Slaidi zile hakuna anayezikumbuka, hata mimi sizikumbuki. Ninachokumbuka ni kioo cha dirisha. Nenda dada, nenda.

Nuru ya Kibatari
Pole Taa. Bado nina swali kwa mwanzisha uzi. Bosi wako umemwambia nini kuhusu Alhamisi?

Kiti cha Dirishani
Sijamwambia kitu. Yaani... nilimdokeza tu kwamba mimi nikisafiri na ndege huwa naumwa kichwa siku ya tatu au ya nne. Na ni kweli huwa kinaniuma! Sijadanganya. Ila nikiri kwamba safari hii nimekitaja mapema kidogo.
Na jamani nieleweni. Baba yangu alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku maisha yake yote. Alikuwa akituambia kuna ngome Uingereza ambako kufunga geti tu ni heshima ya mfalme: mlinzi anatoka na taa mkononi, askari anamsimamisha amuulize funguo ni za nani. Nataka nisimame pale nimwone mtu akifunga geti kwa heshima hiyo. Sioni kama naomba kikubwa.

Kijiko Kimoja
Kichwa kinachojua kitauma Alhamisi kabla ya saa 3 na dakika 53 usiku hicho si kichwa, ni saa ya ukutani 😂

Mzee Kalamu
Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Habari ya mzee wako imenigusa, ila usiibebe na uongo.

Jicho la Tatu
Samahani nitibue. Mimi huu uzi siuamini. Mwanzisha uzi anasema yupo London, tiketi ni ya Juni, na anaogopa giza la saa moja. Giza lipi? London mwezi wa sita jua linazama kama saa 3 na dakika 20 usiku. Saa moja ni mwanga mtupu, watu wamekaa kwenye majani. Aliyeko kule hawezi kuandika hivyo. Na baba mlinzi amejitokeza pale alipobanwa tu. Tunatungiwa hadithi.

Kijiko Kimoja
Eeh! Kiti cha Dirishani, toa neno.

Taa za Saa Nne
Nimemwaga ya moyoni kwa mtu ambaye hayupo? Mwanzisha uzi jibu tafadhali.

Kiti cha Dirishani
Nisameheni. Sipo London. Naondoka Jumapili. Niliandika "nipo" kwa sababu ukisema "nitasafiri" watu wanaacha swali wanaanza habari za viza na za kuletewa zawadi. Sikujua kabisa kuhusu jua, ndiyo kwanza nasikia. Tiketi ni ya kweli. Baba pia ni wa kweli, amefariki mwaka juzi, na sikutaka kumleta huku mpaka mliponiuliza.

Jicho la Tatu
Pole kwa msiba. Yangu nimeyafuta moyoni.

Fundi Daraja
Tuachane na lawama, tupige hesabu. Hicho chakula ni wapi na kinaanza saa ngapi?

Kiti cha Dirishani
Karibu na kituo cha Liverpool Street, saa 12 na nusu jioni.

Fundi Daraja
Sasa mbona unajitesa? Kutoka Liverpool Street mpaka Tower Hill, kituo cha hapo Tower of London, ni vituo viwili kwa treni ya chini ya ardhi, au kama dakika 20 kwa miguu, na kutakuwa bado na mwanga. Hafla inaanza saa 3 na dakika 53, lakini uwe getini kabla ya saa 3 na nusu, ukichelewa huingii. Inuka mezani saa 3 kamili. Mtu aliyekaa na wateja kwa muda wa saa mbili na nusu hajatoroka. Mwambie bosi ukweli sasa hivi, kabla hujapanda ndege: nina tiketi, naomba niondoke saa 3. Hicho kichwa usikitaje tena.
Ukishaingia, wakati wa hafla picha haziruhusiwi. Njiani simu ikae ndani ya begi, kuna vijana wa baiskeli wanaopokonya simu mkononi wakipita. Na usisubiri treni za usiku kucha, hizo ni Ijumaa na Jumamosi tu. Hafla ikiisha, muda mfupi tu baada ya saa 4, teremka moja kwa moja Tower Hill.

Mzee Kalamu
Hapo nakubali. Saa 3 ni heshima ya kutosha kwa mteja.

Kiti cha Dirishani
Nimemwandikia bosi. Nimemweleza yote, hata la kichwa. Tiki mbili za bluu tayari, hajajibu.

Nuru ya Kibatari
Tupo hapa.