Masenta wa miaka ya 90: Olajuwon, Robinson, Ewing, Shaq au Mutombo?

Mwana wa Upanga
Wakuu, salaam. Juzi nimebishana na mdogo wangu mpaka chakula kikapoa, nikaona nilete shauri hapa kwa wanaokijua kikapu. Kati ya masenta (wale warefu wanaocheza chini ya kikapu) wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kuanzia msimu wa 1989/90 hadi 1999/2000, nani alikuwa mkubwa kuliko wote? Tuhesabu mpira uliochezwa ndani ya miaka hiyo tu. Ubingwa wa Robinson wa 2003 na wa Shaq wa 2006 tuuweke kando.

Mimi niko na Hakeem Olajuwon. Kipimo changu: walipokutana ana kwa ana, nani alimlaza nani? Fainali ya 1994, Houston na New York, mechi saba. Hakeem wastani wa pointi 26.9, Ewing 18.9. Mechi ya sita, Houston wanaongoza 86-84, John Starks wa New York anaruka nje ya mstari wa pointi tatu kutupa mpira wa ubingwa, na Hakeem anaufikia kwa ncha za vidole. Senta, jamani, katoka chini ya kikapu kamfuata mlinzi hadi kule! Mwaka uliofuata, fainali ya upande wa Magharibi wa ligi, kamtupia Robinson wa San Antonio Spurs wastani wa 35.3. Kisha kwenye fainali ya ligi Shaq na Orlando wakafungwa 4-0. Msimu wa 1993/94 alikuwa MVP (mchezaji bora) wa ligi, mlinzi bora wa ligi na MVP wa fainali. Hakuna mwingine aliyewahi kuvikusanya vitatu hivyo kwa msimu mmoja.

Mvuvi wa Nyali
Ndugu yangu, nakuheshimu, ila hapo umemhukumu Robinson kwa mechi sita. Jamaa alichaguliwa wa kwanza 1987, akaenda kwanza kulitumikia jeshi la majini, akaingia uwanjani 1989. Msimu uliotangulia Spurs walikuwa wameshinda mechi 21. Msimu wake wa kwanza walishinda 56! Februari 1994 dhidi ya Detroit alipata pointi 34, ribaundi 10 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa), asisti 10 (pasi za kufungia) na bloku 10 (mitupo aliyoizuia). Aprili mwaka huohuo akafunga pointi 71 katika mechi moja na kumaliza msimu akiwa mfungaji bora wa ligi.

Ukitaka kipimo cha kweli, mtoe mtu timuni uone kinachobaki. Msimu wa 1996/97 majeraha yalimwachia mechi sita tu, na Spurs wakashinda 20. Halafu huo mfululizo wa 1995 mnaousimulia kila siku, Spurs walimwacha mara nyingi amkabe Hakeem peke yake. Nani angemkaba Hakeem wa Mei ile peke yake?

Kocha Maria
Nafundisha mabinti wa sekondari, kwa hiyo nitasema kuhusu miguu.

Hakeem alikulia Lagos akicheza mpira wa mikono na kudaka langoni kwenye soka. Kikapu alikijua akiwa kijana mkubwa tayari. Tazameni anavyopokea mpira akiwa amempa adui mgongo. Hakimbilii kudunda. Anasikiliza kwanza uzito wa anayemkaba uko upande gani. Bega linakwenda kushoto, kichwa kinakwenda kushoto, na mpira haujaenda kokote. Mkabaji akihama nusu hatua tu, Hakeem amezungukia upande wa pili na anatupa huku akirudi nyuma. Ukisita usiruke, ananyanyua mpira kana kwamba anatupa, unaruka, anapita chini ya mkono wako. Kila chenga imebeba nyingine ndani yake. Kipa ndivyo anavyosoma nyonga za mpigaji penalti, na mimi naamini kabisa ni langoni alikokupata kule kuzuga.

Robinson alikuwa na mbio na misuli kuliko Hakeem. Ila aliichezea timu akiutazama uso wa kikapu zaidi ya kuupa mgongo, na mtoano unapobana, mpira ukienda taratibu, anayejua kucheza kwa mgongo ndiye anayekula.

Mvuvi, kuhusu kukabwa na mmoja: sheria za wakati ule zilikataza ulinzi wa kanda, yaani kulinda eneo badala ya mtu, hadi 2001. Ama unamkaa mtu wako, ama unakwenda moja kwa moja kumbana mwenye mpira mkiwa wawili. Ukituma wa pili kwa Hakeem, mpira ulitoka kwa wenzake Horry, Elie au Kenny Smith, watupaji wa mbali, na msimu ule wa 1994/95 ligi ilikuwa imeusogeza mstari wa pointi tatu karibu na kikapu. Spurs walikuwa kati ya moto na maji. Robinson hakuwa mzembe.

Goma Yetu
Mmeandika majina matano kwenye kichwa, mmemwacha wa Kinshasa mlangoni. Dikembe Mutombo! Alikwenda Marekani kusomea udaktari akaishia kuwa mlinzi bora wa ligi mara nne, na mara tatu kati ya hizo zimo ndani ya muongo wenu: 1995, 1997, 1998.

Mwaka 1994 timu yake ya Denver iliingia mtoano wakiwa wa nane, wakakutana na Seattle, timu iliyoongoza ligi nzima. Wakafungwa mechi mbili za kwanza. Wakashinda tatu zilizofuata. Mutombo alipiga bloku 31 katika mechi hizo tano, na mwisho akalala chini ameukumbatia mpira, analia na kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza timu ya nane kumtoa wa kwanza. Hata mtoto aliyezaliwa baadaye ameiona picha ile.

Najua hakuwa mfungaji. Msimu wake bora ni wa kwanza, pointi 16.6. Sidai ni namba moja. Nadai kwamba kazi ya senta ni kulinda mlango, na nyinyi mnahesabu pointi tu. Alipofariki Septemba 2024 huku kwetu tulimlilia kama ndugu, maana ile hospitali ya Kinshasa yenye jina la mama yake inatibu watu mpaka leo.

Bint Unguja
Mungu amrehemu Mutombo. Hospitali ile ni sadaka inayoendelea.

Mimi nitaongeza moja kwa Hakeem. Februari 1995 Ramadhani ilianza na mwezi wenyewe. Alicheza akiwa amefunga, na ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mwezi huo. Wale waliowahi kukimbia uwanjani na kiu ya saa tisa alasiri wanajua uzito wake.

Mtoto wa Kariakoo
Mwana wa Upanga, kipimo chako cha ana kwa ana kinakukata mwenyewe. Fainali ya vyuo ya 1984, Georgetown ya Ewing iliifunga Houston ya Hakeem 84-75. Na hata 1994, Ewing alipiga bloku 30 katika fainali ile, mechi ya saba Starks akaingiza mitupo 2 kati ya 18, timu ikafungwa kwa pointi sita tu. Ewing angefanya nini zaidi? Chicago ya Jordan ilimtoa 1989, 1991, 1992, 1993 na 1996. Magoti yalikwishamchosha na bado aliibeba New York kila mwaka. Namuweka wa tatu, na sitashuka hapo.

Shaq je? Umesema hadi 1999/2000. Basi msimu ule umo ndani: MVP wa ligi, mfungaji bora, bingwa, na katika fainali wastani wa pointi 38 na ribaundi 16.7. Nionyesheni msimu wa Hakeem unaofanana na huo kwa nguvu.

Mwana wa Upanga
Kuhusu 1984, hao walikuwa wanafunzi na swali langu linaanza 1989. Kuhusu Shaq umenibana, nakubali. Mipaka niliiweka mwenyewe. Mwaka mmoja mmoja, ule wa 2000 ni mzito kuliko wowote. Lakini mwaka 1994 Hakeem alibeba kombe bila mchezaji mwenzake hata mmoja wa All-Star (mechi ya nyota wa ligi) msimu ule, na mwisho wa mechi ungeweza kumpa mpira bila hofu. Shaq ukimkosea kwa makusudi unampeleka kwenye mitupo huru, na hapo maishani mwake aliingiza kama nusu tu. Senta usiyeweza kumpa mpira dakika ya mwisho, mimi simweki juu ya Hakeem.

Robinson nampandisha kutoka wa nne hadi wa tatu. Ile hoja ya mechi 20 za 1996/97 imenigusa.

Mvuvi wa Nyali
Wa tatu bado umemwonea. Ana pointi 71.

Kocha Maria
Mabinti wangu wanamjua Hasheem Thabeet wetu wa Dar, aliyechaguliwa wa pili 2009, lakini Hakeem hawajamwona hata dakika moja. Jumamosi nitawaonyesha mechi ya pili ya 1995 kule San Antonio. Robinson anakabidhiwa kombe lake la MVP mbele ya watu wake, mchezo unaanza, na Hakeem anafunga 41. Nitawaambia wasiutazame mpira kabisa, watazame miguu.