Mafundi wa silikoni mnaua giaboksi za DT na AG100 za watu, acheni!

Wakuu, huu uhuni umezidi. Pikipiki ya Yamaha DT175 au AG100 ya zamani ikifika gereji inavuja oili ya giaboksi upande wa sproketi ya mbele, dawa ni ileile: tambara, silikoni inakamuliwa kuzunguka sili kwa nje, "acha ikauke kidogo, tayari bosi". Oili inatiririka tena baada ya siku chache, na safari hii mteja anaambiwa injini ishushwe ipasuliwe. Ipasuliwe kwa sili ambayo mara nyingi inatoka kwa nje, injini ikiwa palepale kwenye chesisi?

Sili inazuia oili kwa mdomo wake laini unaobana shafti inayozunguka. Silikoni haiwezi kushika kitu kinachozunguka. Ikiingia kwenye mdomo inaunyanyua, na uvujaji unakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Halafu kuna hili la kumimina chupa nzima ya lita moja "isiende kavu". Giaboksi ya DT175 inakula kama ml 650 tu wakati wa kubadilisha oili! Ukijaza lita, oili inapanda, inapata moto, inatafuta pa kutokea: kwenye mpira wa kupumulia na kwenye sili. Kisha huyohuyo aliyeijaza anasema sili imekufa. Soma kitabu cha modeli yako, pima kwa chupa yenye mistari ya ml, basi.

Kabla ya kununua chochote, jua kwanza inavuja wapi. Osha upande wote wa kushoto kwa mafuta ya taa na brashi, toa kava la sproketi, kausha kabisa, pulizia poda ya mtoto eneo lote. Endesha dakika kumi, zima, mulika tochi. Poda italowa pale oili inapoanzia, siyo pale inapodondokea. Sehemu za kushuku ni hizi: sili ya shafti ya sproketi, sili ya shafti ya leva ya gia, sili ya fimbo ya kusukuma klachi kwa modeli ambazo fimbo inatokea upande huo, na bolti ya kumwagia oili chini. Kulia kuna sili ya kiki na gasketi ya kava la klachi. Na usidanganywe na uchafu wa cheni: ule mweusi mzito wenye mchanga ni grisi iliyorushwa, siyo uvujaji. Oili ya 2T (ile inayoungua pamoja na petroli) inayotoka kwenye pampu yake nayo ni kesi nyingine, utaijua kwa rangi na harufu.

AG100 inawachanganya wengi kwa sababu cheni yake imefunikwa kote. Oili inajaa ndani ya kava na kutokea nyuma kabisa, mtu anadhani ni grisi ya tairi. Bahati nzuri ina stendi ya pembeni pande zote mbili. Ilaze usiku mmoja kulia, mwingine kushoto. Ikidondosha ikilala kushoto tu, tafuta upande wa sproketi.

Sasa kazi yenyewe. Mwaga oili. Nyoosha washa ya kufungia nati ya sproketi, weka gia, mtu akanyage breki ya nyuma wakati cheni bado iko, ndipo ulegeze nati. Toa cheni na sproketi, vuta kola (bomba fupi la chuma linalovaa shafti) iliyo nyuma yake. Ndani ya kola kuna oringi (pete ya mpira), na HAPA ndipo wengi wanachemsha: wanabadilisha sili, wanaacha oringi iliyokauka kama plastiki. Oili inapita chini ya kola kufuata meno ya shafti, na sili mpya inalaumiwa bure. Oringi inabadilishwa kila mara, haina mjadala.

Pitisha ukucha juu ya kola. Ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, weka kola mpya. Kisha shika shafti uitikise juu na chini. Kucheza kidogo kwa kuingia na kutoka ni kawaida. Ikipiga juu-chini, beringi imekwisha, na hapo kweli injini itapasuliwa, maana sili yoyote utakayoweka itatafunwa upesi.

Kutoa sili, piga skrubu ndogo kwenye uso wake wa chuma, ivute kwa koleo. Usizamishe, nyuma kuna beringi. Usichokonoe kwa bisibisi, ukikwaruza alumini ya nyumba yake umejitengenezea mlango mpya wa oili. Angalia kwanza kama ina bati la kuishikilia au ukingo ulioingia kwenye mfereji wa kesi. Yenye ukingo huo haitoki bila kupasua injini.

Dukani usiseme "nipe sili ya DT". Soma namba usoni: kipenyo cha ndani, cha nje, unene. Zilingane zote tatu. Paka grisi mdomoni, zungushia selotepu meno ya shafti yasiukate, upande wenye springi uangalie ndani kwenye oili. Gonga taratibu kwa boksi la spana lenye upana wa sili mpaka ilingane na ile ya zamani ilivyokaa. Oringi ipakwe grisi pia. Washa ya nati ikunjwe upya, au weka mpya.

Cheni iliyokazwa kama waya wa gitaa ndiyo inayoua sili na beringi hizi. DT ina suspensheni ndefu, inataka ulegevu mkubwa kuliko pikipiki za barabarani. Pima ukiwa umeweka uzito juu yake, siyo ikiwa hewani.

NYONGEZA, kwa wanaouliza:

Mkuu unayetaka kutia SAE 90, oili nzito ya difu ya gari: hapana. Klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo. Oili nzito inagandisha plati, asubuhi gia inaingia kwa kishindo na nyutro haipatikani. Tumia 10W-30 au 10W-40 yenye alama ya JASO MA (oili inayofaa klachi inayolowa).

Anayesema oili inapungua lakini chini pakavu, na moshi ni mweupe mzito: acha kutafuta nje. Sili ya krankshafti upande wa klachi imekufa, injini inaivuta oili ya giaboksi na kuichoma. Vua plagi, kama imelowa oili na inanuka oili ya gia badala ya 2T, umepata jibu. Sili hii kwa pikipiki nyingine hutolewa kwa kufungua kava la klachi na kutoa gia ya krankshafti, nyingine zinadai kesi ipasuliwe. Muulize fundi pikipiki yako ni ya aina gani kabla hajagusa spana. Akikujibu "tutapaka silikoni kwanza", chukua funguo zako uondoke.