Jeshi likiingia msituni, mshukiwa yuko chini ya sheria ipi?

Msaidizi wa Sheria, Bungoma

Naileta hoja hii hapa tuijadili bila matusi. Kila yanapotajwa mambo ya Mlima Elgon ya 2008, hakosi mtu wa kusema: "Ile ilikuwa vita, na vitani haki za binadamu husubiri nje." Mimi nasema kauli hiyo haina mguu wa kusimamia. Na wa kwanza kuipinga si mashirika ya haki, ni sheria ya vita yenyewe.

Kwa waliokuwa wadogo wakati ule: ugomvi wa ardhi katika mradi wa makazi wa Chepyuk, awamu ya tatu, ulizaa kundi la wapiganaji la SLDF (Sabaot Land Defence Force) mwaka 2006. Liliua, likatoza watu kodi, likakata watu masikio. Machi 2008 serikali ikapeleka jeshi, Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na vijana wakazolewa kijiji baada ya kijiji, wengi wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa. Unapitishwa mbele ya watoa habari, wakikutaja, umekwisha. Waliotajwa na kuletwa korti ya Bungoma walishtakiwa kwa kuendeleza vitendo vya kivita. Human Rights Watch na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu waliandika juu ya mateso na watu waliotoweka. Jeshi likakana. Mei mwaka huo kiongozi wa kundi, Wycliffe Matakwei, akauawa.

Sasa twende kwenye sheria. Tukisema ile haikuwa vita, ilikuwa operesheni ya usalama tu, basi katiba ya zamani ilikuwa wazi katika kifungu cha 72: mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku 14 kama kosa lake ni la kunyongwa. Tukisema ilikuwa vita ya ndani ya nchi, tunaingia kifungu cha tatu ambacho kimo katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949, na Kenya imo humo tangu 1966. Kinakataza kumuua aliyekwisha kushikwa, kumtesa, kumdhalilisha, na kumhukumu bila korti halali. Itifaki ya Pili ya 1977 inaongeza chakula, maji, matibabu na ruhusa ya kuandikiana barua na nyumbani.

Wala vita haifuti mikataba ya haki za binadamu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema hivyo 1996 katika maoni yake kuhusu silaha za nyuklia. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu hauna hata sehemu inayoiruhusu serikali kusimamisha haki wakati wa dharura, na Tume ya Afrika ililishikilia hilo katika kesi ya Chad.

Angalieni jambo moja zaidi. Katika vita vya nchi na nchi, askari wa adui akishikwa ana haki ya kuandikia familia yake kadi ndani ya wiki moja tangu afike kambini, aseme yuko wapi na hali yake ikoje. Adui huyo, aliyeshikwa na bunduki mkononi! Sasa nielezeni kwa nini mkulima wa Kopsiro aliyeshikwa na jembe awe na haki pungufu kuliko yake.

Mkaazi wa Cheptais

Wakili, nimekusoma hadi mwisho. Swali langu ni moja: 2006 na 2007 hiyo sheria ilikuwa wapi?

Mashirika hayo hayo unayoyataja yalihesabu zaidi ya watu 600 waliouawa na hao SLDF, ambao sisi tuliwaita Janjaweed. Ungeenda kuripoti kituoni asubuhi, jioni wangekuwa mlangoni kwako wakijua ulichosema. Nani angetoa ushahidi kortini? Shahidi mwenyewe hana masikio, na aliyemkata anaishi boma la tatu kutoka kwake. Jeshi lilipopanda mlima, kuna watu walilala nyumbani kwao mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Msitufundishe haki kutoka mjini kana kwamba mateso yalianza Machi 2008.

Sisemi kupiga watu ni sawa. Nasema saa 24 ni sheria ya mahali polisi wanafanya kazi.

Kijana wa Kibuye, Kisumu

Mkaazi amemaliza. Na tusijidanganye, Marekani yenyewe wenye demokrasia walifungua Guantanamo, gereza la kijeshi la washukiwa wa ugaidi, na hakuna aliyewafanya kitu. Sheria ya kimataifa ni ya nchi maskini.

Msaidizi wa Sheria, Bungoma

Mkaazi, nakusikia na sikupingi juu ya SLDF. Serikali ilichelewa, na kuchelewa kwake ni kosa la kwanza katika hadithi hii yote. Lakini saa 24 unazozilalamikia zina mlango wake wa dharura, nitaufikia.

Kijana, umechagua mfano unaokuangusha. Guantanamo ilipofunguliwa Januari 2002, hoja ya Washington ilikuwa kama yenu: hawa si askari wa nchi yoyote, kwa hiyo Geneva haiwahusu, na wako Cuba, kwa hiyo korti zetu haziwahusu pia. Mahakama ya Juu ya Marekani iliivunja hoja hiyo kipande kwa kipande. Mwaka 2004 ikasema raia aliyeshikwa kwa madai ya kupigana upande wa adui lazima apewe nafasi ya kujibu mbele ya mwamuzi asiyeegemea upande. Mwaka 2006, kesi ya Hamdan, ikasema kifungu cha tatu cha Geneva kinawahusu hata hao. Juni 2008, jeshi letu likiwa bado mlimani, kesi ya Boumediene ikawapa haki ya kudai waletwe mbele ya jaji.

Nakubali dawa ilikuja kwa kuchelewa sana. Watu kama 780 walipitia pale, na wengi hawakushtakiwa kwa lolote. Mkenya mmoja alishikwa Mombasa 2007, akapelekwa huko, akarudishwa Desemba 2024 bila kesi. Karibu miaka 18! Hiyo ndiyo bei ya kubuni kundi la watu wasio na sheria. Ukiniuliza, ni mfano wa kukimbia, si wa kuiga.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Vijana, mnazungumza kana kwamba mambo haya yalivumbuliwa Cuba. Hali ya hatari ilitangazwa hapa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika Operesheni Anvil, msako wa Waingereza wa 1954 jijini Nairobi, watu walipitishwa mbele ya wale walioitwa gakunia, msaliti aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho, anatikisa kichwa tu. Kapkota haikuvumbua kitu. Ninyi wa upande wa ziwa mnaijua Mageta mnakonunua samaki. Kisiwa hicho na jirani yake Saiyusi vilikuwa kambi za wafungwa wa Mau Mau. Na uhuru haukuufunga mlango huo. Baada ya vurugu za Kisumu za Oktoba 1969, Jaramogi aliwekwa kizuizini bila kesi hadi 1971.

Lakini Wakili, nina neno na wewe pia. Unaamini sana kadi na karatasi. Wale 11 waliopigwa hadi kufa pale kambi ya Hola tarehe 3 Machi 1959 hawakuwa watu wasiojulikana. Walikuwa kizuizini kwa amri za serikali, majina yao yameandikwa. Na serikali bado ilijaribu kusema ni maji waliyokunywa. Daftari halikuzuia rungu hata moja.

Msaidizi wa Sheria, Bungoma

Mwalimu, heshima zako, hapo umenishika kidogo. Kuandikwa jina hakuzuii kipigo. Ila nawe tazama mbele: 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau. Wazee walishuhudia kwa midomo yao, ndiyo, lakini kesi ilipata nguvu majalada ya kikoloni yalipojitokeza kutoka Hanslope Park, jengo la serikali kule Uingereza, ambako yalikuwa yamefichwa miaka na miaka. Karatasi ile ile iliyowafunga ndiyo iliyowashtaki wakoloni.

Mstaafu wa Jeshi, Lanet

Nimevaa sare miaka mingi, sitasema nilihudumu wapi. Nitawaambia kitu ambacho mawakili hawakiandiki.

Askari hafundishwi kukamata. Anafundishwa kuteka mahali na kukaa nalo. Ukimpeleka msituni, usiku, mvua, hajui lugha ya pale, mbele yake wanaume 40 na mmoja wao alirusha risasi jana. Ni yupi? Polisi wa kukabidhiwa wako mbali. Korti iko Bungoma. Ushahidi ni ganda la risasi kwenye matope. Akiwaachilia wote, kesho anazika mwenzake. Akiwashika wote, ninyi mnaandika ripoti.

Somalia ilikuwa rahisi zaidi, amini usiamini. Unashika mtu, kuna utaratibu wa kumkabidhi kwa serikali ya Somalia, kuna fomu. Nyumbani hakukuwa na utaratibu, kwa sababu hakuna aliyetaka kuandika neno "vita". Tungepewa sheria ya katikati: jeshi liruhusiwe kushika mtu kwa wiki mbili, jaji apitie orodha, asiye na lake aende nyumbani. Hiyo ingeokoa raia na ingemwokoa askari.

Msaidizi wa Sheria, Bungoma

Afande, huu ndio mchango bora tangu tuanze, na nasema hivyo ingawa sikubaliani nao wote.

Ule mlango wa dharura niliomwahidi Mkaazi ndio huu. Katiba ya 2010, kifungu cha 58, inamruhusu Rais kutangaza hali ya hatari kwa siku 14. Kuongeza kunahitaji thuluthi mbili za Bunge la Taifa, na kuongeza tena robo tatu. Lakini kifungu cha 25 kimefunga mambo manne yasiguswe hata hapo: kutoteswa, kutotiwa utumwani, kesi ya haki, na amri ya kumleta aliyeshikwa mbele ya korti. Kwa hiyo sheria yako ya katikati tunayo kwa sehemu kubwa. Tatizo ni kwamba ukiitumia lazima usimame hadharani useme kuna hali ya hatari, na Bunge na korti wakutazame. Serikali hupenda uhuru wa vita bila jina lake.

Na kuna kesi inayokuunga mkono, sitaificha. Aprili 2003 wanajeshi wa Uingereza walimshika kijana mmoja kusini mwa Iraq, wakampeleka Camp Bucca, wakamhoji, wakamwachilia baada ya siku chache. Baadaye alikutwa amekufa mbali na pale. Ndugu yake akaenda Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Mwaka 2014, kesi ya Hassan, majaji wakasema: katika vita vya nchi na nchi, jeshi laweza kumshika mtu kwa kufuata Geneva bila kuvunja haki yake ya uhuru, mradi si kiholela. Uingereza ikashinda. Ilishinda kwa nini? Kumbukumbu za kambi zilionyesha alivyoingia, alivyohojiwa na kwamba alitolewa. Afande, daftari lile liliwalinda askari. Jeshi lisiloandika haliwezi kujitetea hata likiwa na haki.

Mkaazi wa Cheptais

Hapo kwa Afande nakubali. Kwa Wakili bado. Katiba ya 2010 haikuwepo 2008, na aliyekatwa masikio hakuandikwa kwenye daftari la yeyote.

Mama wa Kopsiro

Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mume wangu alitoka nyumbani 2008 hakurudi. Sijui kama ni wa msituni waliomchukua au wa sare, na kwa sababu hiyo simlaumu mtu hapa.

Mnajadili haki ya aliyeshikwa. Niwaambie ya aliyebaki. Shamba liko kwa jina lake. Huwezi kufungua mirathi bila cheti cha kifo, na cheti hakipatikani bila mwili. Nilisubiri miaka saba ile ambayo Sheria ya Ushahidi inasema mtu asiyesikika hudhaniwa amekufa. Ilipotimia, ilibidi mimi mwenyewe niape kortini kwamba nadhani amekufa. Watoto hawajanisamehe vizuri mpaka leo.

Wengine walienda Arusha. Shirika la IMLU, linalotetea walioteswa, lilifungua kesi 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, 2011 majaji wakakubali kuisikiliza, Machi 2012 rufaa ikaitupa: tulipaswa kuja ndani ya miezi miwili. Miezi miwili, na mimi sikuwa hata nimejua ni nani wa kumshtaki.

Afande wa Lanet, nakuuliza wewe, si Wakili. Kambi ikifungwa, majina ya waliopita getini huenda wapi?

Mstaafu wa Jeshi, Lanet

Mama, pole. Kila kambi ina daftari la getini. Anayeingia na anayetoka huandikwa, hata lori la maji. Sina ushahidi kwamba waliochujwa waliandikwa wote. Lakini madaftari hayatupwi, hupelekwa makao makuu.

Msaidizi wa Sheria, Bungoma

Mama, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa barua. Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wakikataa au wakinyamaza, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ina ofisi Kisumu. Nitakusaidia kuandika, bila malipo.

Mstaafu wa Jeshi, Lanet

Watamjibu "usalama wa taifa".

Msaidizi wa Sheria, Bungoma

Wanaweza. Sheria hiyo imewaachia nafasi. Lakini inasema pia kwamba habari iliyokaa zaidi ya miaka 30 hudhaniwa si ya siri tena, wao ndio wathibitishe vinginevyo. Kwa ya Machi 2008, hiyo ni 2038.

Mama wa Kopsiro

2038 nitakuwa na miaka 71. Andika barua sasa. Na uulize mambo mawili tofauti: kama daftari lipo, na kama jina lake limo. Wakikataa la pili, nataka la kwanza walijibu kwa maandishi.