Mjadala: Timu za wanafunzi kutoka vyuo vya Kikristo vya Marekani, tuendelee kuzipokea?

Bwana asifiwe, ndugu zangu.

Wazee wa kanisa letu watakaa mwezi ujao kujibu barua. Chuo kimoja cha Kikristo cha Marekani kinaomba kutuletea tena wanafunzi, safari hii kumi na sita, kwa siku kumi na mbili. Wazee wamegawanyika. Nauleta mjadala hapa kwa sababu najua makanisa mengi yameshapata barua kama hiyo, na kwa sababu walipokuja mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao.

Msimamo wangu nausema mapema: waje, lakini waje kujifunza. Kutibu, kufundisha na kujenga kusiwe kazi yao.

Kijiji chetu kiko wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Wale vijana walikuwa watu wema, nasema kwa moyo mweupe. Waliamka alfajiri kusali, walikula ugali na kisamvu bila kukunja uso, na watoto waliwapenda. Siku ya nne wakaweka meza nje ya kanisa, wakaanza kupima watu presha. Aliyekuwa akipima alikuwa mwaka wa pili chuoni, anatamani kuwa daktari. Akafika bibi mmoja, akaambiwa presha yake iko juu sana, aende hospitali. Nikatafsiri. Kijana akamshika mikono, akamwombea, wote wawili wakatokwa na machozi. Usiku, walipokaa kushirikishana waliyoyaona, kijana yule akasema pale kwenye meza ndipo alipomwona Yesu. Simkatalii.

Jumamosi wakaondoka. Jumatatu asubuhi bibi alikuwa mlangoni kwangu. "Mwanangu, ulisema nina presha. Dawa yake iko wapi?"

Ulisema. Kwake yeye maneno yalitoka kinywani mwangu, na ni kweli yalitoka kinywani mwangu. Akaja tena wiki iliyofuata, wakaja na wengine. Baba mmoja aliacha kwenda shamba kwa hofu kwamba atadondoka. Nilipomwendea mganga wa zahanati, akanieleza kwa upole kwamba presha haithibitishwi kwa kipimo kimoja, tena cha mtu aliyetoka kusimama juani kwenye foleni. Mtu hupumzishwa kwanza, na hupimwa zaidi ya siku moja. Zahanati iko ng'ambo tu ya uwanja wa mpira. Hakuna aliyekuwa amevuka kumuuliza, hata mimi.

Jambo la pili ni sentensi niliyoisikia jioni ya mwisho, karibu kwa kila aliyesimama: hawana kitu, lakini wana furaha. Sikutakiwa kuitafsiri, maana walikuwa wakizungumza wao kwa wao. Ningeitafsiri, mama aliyewalaza wasichana wawili angeinamisha uso. Alikuwa amekopa kwenye kikoba chao anunue godoro na chandarua kipya. Kwetu mgeni haonyeshwi deni. Walichokiona usoni pake kilikuwa heshima ya kumpokea mgeni, wakaenda nayo nyumbani kama ushuhuda kwamba umaskini hauumi. Hili ndilo linaloniuma kuliko presha.

Na tusijidanganye, na sisi tulichangia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya kwanza tuliwapa brashi ya rangi, fundi wetu akiwa amekaa chini ya mwembe anatazama kibarua chake kikifanywa bure.

Wapo watakaosema bila wanafunzi wa ng'ambo injili isingefika hapa. Ni kweli kabisa. Mwaka 1886 huko Mount Hermon, Massachusetts, wanafunzi 100 walijitoa kwenda kuhubiri nchi za nje. Na sisi wa Muheza tuna deni la karibu zaidi: Magila ilikuwa kituo cha UMCA, misheni ya vyuo vikuu iliyotokana na hotuba ya David Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Lakini tazameni walivyokaa. Edward Steere, mmisionari wa UMCA, alifika Unguja 1864, kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kikatoka 1870, akafia huko huko Unguja 1882. Mmisionari Johannes Rebmann alifika 1846 na kukaa miaka 29, mingi ya miaka hiyo akiwa Rabai, karibu na Mombasa. Ludwig Krapf, mmisionari mwenzake, alizika mke na mtoto Mombasa katika mwaka ule ule aliofika, 1844. Sisemi walikuwa malaika. Walikuja na dharau zao, na wakoloni wakawafuata nyuma. Nasema walikaa muda wa kutosha kuulizwa. Aliyetamka neno ndiye aliyegongewa mlango Jumatatu.

Swali lenyewe pia ni la zamani. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki), Kenya, aliwaambia Wakristo wa Marekani, wakiwa kwao Milwaukee, kwamba wasimamishe kwa muda kutuma wamisionari na fedha, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama kwa miguu yake. Mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka 1974 ukalichukua wazo hilo. Gatu alilaumiwa sana. Mimi sifiki alikofika Gatu.

Mwenye kutaka hesabu atazame Honduras. Baada ya kimbunga Mitch cha 1998, timu za Amerika Kaskazini zilikwenda kujenga nyumba. Kurt Ver Beek, ambaye mwenyewe ni mwalimu wa chuo cha Kikristo, Calvin, alikuta kila nyumba waliyoijenga iligharimu takriban dola 30,000 ukijumlisha safari zao, wakati shirika la Kikristo la pale pale lilijenga kwa dola 2,000. Waliohamia ndani hawakuona tofauti. Na wasafiri waliporudi kwao, hawakubadilika sana katika utoaji wao, ijapokuwa wengi waliamini wamebadilika.

Karibuni mchangie. Walioshakuwa wakalimani nawaomba hasa.

Nyongeza, baada ya kusoma michango ya jana na leo

Ndugu mmoja ameandika kwamba nawazuia watu kumtumikia Mungu. Hapana, ndugu yangu. Yule kijana angeweza kukaa wiki nzima na mganga wetu, abebe daftari, aone akina mama wanavyosubiri, aone siku dawa zinapoisha. Huo nao ni utumishi, na angerudi kwao na jambo la kweli la kusimulia.

Mzee mwingine ameuliza, mabati ya kanisa mlipata wapi? Tulipata kwao, mzee wangu, na tunashukuru. Lakini uhusiano unaweza kuwa na fedha ndani yake bila kusimama juu ya siku kumi na mbili. Walutheri wa Iringa na wa Minnesota wana ushirika wao wa Bega kwa Bega tangu 1987, usharika kwa usharika, wakitembeleana na kuombeana mwaka hadi mwaka. Mgeni akifika pale, anafika kwa watu ambao kanisa lake linawajua tayari.

Aliyenigusa zaidi ni binti aliyesema: mbona sisi wa UKWATA na TAFES, vyama vya wanafunzi Wakristo wa Tanzania, tunakwenda misheni vijijini kwa wiki moja na hatuulizwi? Umesema kweli, mwanangu. Nilipokuwa chuo nami nilikwenda, wiki moja, kijiji cha mbali na kwetu. Tuliwaombea wagonjwa, tukaandika majina ya waliookoka, tukaimba njia nzima ya kurudi. Kuna dada tulimwambia aache kwenda kwa mganga wa kienyeji. Nani alibaki naye mtoto alipozidiwa usiku? Sijui hata jina lake lilikuwa nani. Kwa hiyo ninayoyasema kwa Wamarekani nayasema kwetu pia.

Kwenye kikao nitapeleka maombi matatu. Barua ijibiwe kwamba waje wanne badala ya kumi na sita, na wakae miezi miwili. Mganga wa zahanati na fundi wawepo kwenye kikao cha kupanga ziara. Na jioni ya mwisho, wageni watakaposimama kusimulia walichokiona, wenyeji wao wawe wamekaa humo humo, na kila neno litafsiriwe. Bibi ameshaniambia atakuja.